Kengele ya Dubu na Kitambaa cha Mama

Kamisawa, Akita
8 Machi 2009

Mdogo wangu Fusae,

Salamu kutoka kwenye theluji. Mimi ni mzima, magoti tu ndiyo yananung'unika, na nayaacha yanung'unike maana nikiyaendekeza sitatoka kitandani. Natumaini wewe hujambo na shemeji Eizo hajambo, na kwamba huko Kawasaki mmeshaanza kuvaa nguo nyepesi na kutusahau sisi tunaoamka na koleo mkononi. Juu ya paa langu bado imelala theluji ya kimo cha mtoto. Mzee Kanjiro jirani alikuja kunipunguzia, akateleza, akaangukia kwenye rundo na kulala pale pale akicheka. Mwindaji wa dubu mzima, kashindwa na paa la mjane.

Shule imefungwa. Kina Narita wamehamia mjini, na matunda yao ya vuli hayakuchumwa, kwa hiyo dubu walishuka wakayala mpaka kwenye kizingiti. Asubuhi tulikuta alama za kucha kwenye mlango wa ghala. Watu wa ofisi ya kijiji walikuja wakapiga picha, wakanywa chai yangu, wakaenda zao.

Usihangaike kupiga simu. Imezeeka kama mwenye nayo, inakoroma tu. Barua ni bora, nasoma nikitaka mara mbili.

Sasa neno lenyewe. Kwenye kadi ya mwaka mpya uliandika kwamba Juni utakuja tukachume machipukizi ya mianzi pale petu. Mwaka jana uliandika hivyo hivyo, na mwaka juzi. Sikulaumu. Nauliza tu ili nijue kama nianike lile godoro la wageni au niliache lilale na panya wake. Nakutumia chupa za mwisho za machipukizi ya mwaka jana. Mpikie shemeji kwenye supu ya miso, asije akayala na mayonezi kama alivyofanya siku ile.

Dada yako,
Tsuya


Kawasaki
2 Aprili 2009

Dada Tsuya,

Nisamehe kwa kuchelewa. Chupa zimefika salama, na nilipofungua moja jikoni nikanusa harufu ya mikono ya mama. Nilisimama pale na kijiko kama mjinga. Sisi hatujambo. Maua ya cheri yamefunguka kando ya mto. Eizo ni mzima, ana shughuli zake, anakata habari za mchezo wa shogi magazetini na kuzibandika. Anakusalimu.

Dada, juzi nimeona kwenye televisheni mwanamke wa umri wako, mlima wa pili tu kutoka kwenu, alikwenda kuchuma majani ya masika, dubu akamrukia. Kapona, lakini uso wameufunika kwa bandeji. Tangu siku ile sipati usingizi mzuri. Wewe unapanda peke yako, na ndani ya mianzi ile mtu haoni hata mkono wake mwenyewe. Dubu naye anayapenda machipukizi yale yale.

Kwa hiyo nimekwenda kwenye duka la vifaa vya mlimani. Nikamwuliza kijana wa pale, "Dada yangu ana miaka sabini na kitu, achukue nini?"

Akaniuliza, "Ana nguvu za kukimbia?"

"Ana nguvu za kugombana," nikamwambia.

Akacheka, lakini akanieleza vizuri. Kwanza kelele, alisema, ili dubu ajue mtu anakuja na aondoke mwenyewe. Kengele, redio, au bora kuliko vyote, watu wawili wanaopiga soga. Mkebe wa pilipili ni wa mwisho, dubu akishakuja. Ukae kiunoni, usikae kikapuni. Unavuta pini, unasubiri akaribie hatua chache, unampulizia usoni. Fataki hakunishauri, kwa sababu ya moto. Nilipomtajia panga akatikisa kichwa.

Nimekununulia mkebe na kengele ya shaba, nzito kidogo, ina sauti safi. Kengele nimeizungushia kile kitambaa cha bluu cha mama, nilichokuja nacho huku nilipoolewa. Nimeona kirudi mlimani kwake.

Juni nitakuja. Safari hii kweli. Anika godoro.

Mdogo wako,
Fusae


Kamisawa
25 Aprili 2009

Mdogo wangu Fusae,

Pole na kukosa usingizi. Hapa theluji imeanza kukimbia, maji yanapita kila mahali na udongo unaonekana. Vyura wameamka, ndivyo anavyosema Kanjiro. Nami nimeamka, nimepanda vitunguu.

Mzigo wako umefika. Nilikaa na kitambaa cha mama magotini mpaka chai ikapoa. Bado kuna ile alama ya moto kwenye pembe, alipokishikia sufuria. Wewe ndiye uliyekuwa ukimlilia wali siku ile, ndiyo maana akaharakisha.

Sasa nikuchekeshe. Nilimwita Kanjiro tuujaribu mkebe. Nimekuwa mwanamke wa kisasa, nikamwambia asimame kando aone. Nikavuta pini, nikaelekeza kwenye kisiki, nikabonyeza. Upepo ukageuka. Fusae, tulilia kama watu waliofiwa na ukoo mzima. Kanjiro alitambaa mpaka kwenye mfereji akaingiza kichwa.

Alipopata pumzi akasema, "Dubu hana haja ya kuja. Akae tu mbali aangalie."

"Ulisimama vibaya," nikamwambia.

"Nilisimama nyuma yako, Bi Tsuya. Ni mahali gani pengine mtu asimame?"

Yeye anaamini panga. Babu yake aliua dubu kwa mkuki na yeye amewapiga risasi wengi, lakini anasema ndani ya mianzi bunduki haina faida, utakuwa umeshakumbatiwa. Nikamwambia kukumbatiwa na dubu si kitu kibaya sana kwa mjane. Akageuza uso, aibu imemshika. Mkebe umebaki nusu, anasema unatosha.

Kengele ni nzuri. Kanjiro anasema sauti yake inafika mpaka barabarani, na hapo ndipo penye tatizo. Unamkumbuka Sadako wa bondeni? Kila Juni ananifuata. Anajifanya anatafuta uyoga, mwezi ambao uyoga haupo. Mama hakutuachia shamba wala dhahabu, alituachia kipande kile cha mianzi, na alituambia tukifika kwenye mti uliopigwa radi tufunge midomo. Yeye mwenyewe alikuwa akiivua kengele pale, anaiziba mdomo kwa kitambaa hiki hiki, ndipo anakata kushoto. Umekirudisha nyumbani, nacho kinajua kazi yake.

Kanjiro amejitolea kunisindikiza. Akasema, "Nitakaa chini ya mteremko nimefumba macho." Nimemkatalia. Pale ni pa wasichana wa mama.

Godoro liko juani.

Dada yako,
Tsuya


Kawasaki
20 Mei 2009

Dada Tsuya,

Natumaini magoti yamepunguza manung'uniko. Huku joto limeanza. Nimecheka mpaka nikajificha bafuni kwa habari za mkebe, halafu nikafika kwenye habari za kengele na kicheko kikaisha.

Dada, usiizibe. Nakuomba kwa jina la mama mwenyewe. Mama alikuwa na watoto wawili nyuma yake, tunakanyaga vijiti na kukohoa, dubu gani asingetusikia? Wewe uko peke yako. Sadako akipajua, basi apajue. Machipukizi ni mboga tu.

Nimepiga simu kwako mara nyingi, inaita na hushiki. Uliniambia inakoroma, lakini huku kwangu inaita vizuri kabisa. Tengeneza hiyo simu, au uniambie nini hasa kimetokea.

Kuna jambo jingine. Wiki ya kwanza ya Juni siwezi kuja. Eizo ana mafua yasiyomwachia, na si vizuri nimwache. Labda mwisho wa mwezi. Najua mwisho wa mwezi machipukizi yanakuwa yamekomaa pale chini, lakini kule juu, karibu na theluji ya mwisho, huenda yakawa bado laini. Nisubiri huko.

Wakati mwingine nikiosha vyombo nafumba macho na kupapitia mahali petu, mti wa radi, kijito, jiwe la kukalia, kijani kile kinachofunika kichwa. Huko ndiko ninakopumzikia. Usinicheke, lakini usimwonyeshe mtu yeyote. Nikija nataka nipakute vile vile, mimi na wewe tu. Ndilo jambo pekee ninalolisubiri mwaka huu.

Na kengele iache ilie.

Mdogo wako,
Fusae


Kamisawa
3 Juni 2009

Fusae,

Mimi mzima. Vitunguu vizuri. Mvua kidogo.

Mpe shemeji pole ya mafua. Mwaka juzi yalikuwa meno yake, mwaka jana ilikuwa harusi ya mtoto wa mwenzake kazini. Mtu mmoja ana mambo mengi. Nimeliingiza godoro ndani kwa sababu ya mvua, nitalitoa tena ukisema.

Machipukizi hayajui kusubiri, unalijua hilo kama mimi. Lakini yale ya juu nitakuachia. Nitapanda tu kuangalia theluji imefika wapi, nichume machache ya chini, nirudi. Mkebe nitaufunga kiunoni kama alivyosema kijana wako. Panga nimelichukua pia, ili Kanjiro anyamaze.

Kuhusu simu, usijisumbue. Mambo ya uzee si ya kuandika kwenye barua.

Kuhusu kengele nimekuelewa. Na kuhusu kupaacha vile vile, hilo nimelielewa zaidi. Hakuna mguu utakaopita pale kabla ya wako.

Nilikuwa nimekasirika nilipoanza kuandika, sasa hasira imekwisha. Njoo tu, hata ukija tukakuta mianzi mitupu. Tutakaa kwenye jiwe tule wali tuliofungasha, na wewe utazungumza, maana wewe ndiye mwenye mdomo.

Tsuya


Kawasaki
9 Juni 2009

Dada Tsuya,

Barua hii haina salamu ndefu. Nimesoma yako, nimeona aibu, na sasa nakuambia ukweli kabla sijabadili mawazo.

Eizo hana mafua. Mwaka juzi hayakuwa meno, na harusi ile haikuwapo. Eizo anasahau. Alianza kusahau funguo, halafu njia ya kurudi kutoka sokoni, na sasa kuna asubuhi ananiuliza mimi ni nani, kwa adabu kabisa, kama mtu aliyekuta mgeni nyumbani kwake. Usiku mlango naufunga kwa kamba. Magazeti anayakata kweli, lakini anakata chochote, juzi alikata pazia. Siwezi kumwacha hata saa moja. Sikukuambia kwa sababu ulipinga niolewe mbali, nami nikajibu kwa kiburi, na kiburi chenyewe nimekaa nacho miaka yote hii. Tena yeye alikuwa mtu nadhifu sana, sikutaka umjue hivi.

Nimefikiri jana usiku na nimeamua. Nitakuja naye. Kina mama wa ustawi wa jamii wamesema watanisaidia mpaka kwenye treni. Tutafika tarehe ishirini na tano. Kanjiro akae naye barazani, wazungumze habari za dubu, na mimi na wewe tupande. Nitapiga soga njia nzima mpaka dubu wa mkoa wote wahame.

Usipande kabla sijaja. Hayo ya chini pia yaache. Nisubiri.

Fusae


Kamisawa, kwenye meza yako
14 Agosti 2009

Dada Tsuya,

Ni siku za marehemu kurudi nyumbani, na hizi ndizo za kwanza kwako. Nimekuwekea farasi wa tango wa kukuleta haraka na ng'ombe wa biringanya wa kukurudisha polepole, kama mama alivyotufundisha. Tango la huku ni lako mwenyewe, uliloliotesha pembeni ya vitunguu. Eizo yupo barazani na Kanjiro, wanakula tikitimaji. Nimeona nikuandikie, kwa kuwa kuzungumza mbele ya picha yako siwezi.

Barua yangu ya tarehe tisa ipo hapa kwenye altare yako, haijafunguliwa. Ilifika asubuhi walipokuwa wanakutafuta. Kanjiro alimkuta mtu wa posta mlangoni akaipokea, akaiweka mfukoni, akapanda nayo mlimani.

Jana usiku nilimwuliza yote. Hakutaka, nikamwambia mimi ni mtu mzima.

Alisema, "Tulianzia kwenye mti wa radi kwa sababu pale nyayo zake ziliishia njiani. Tukaita. Watu hamsini tunaita."

"Hakujibu?"

Akaniangalia. "Bi Fusae, hata angekuwa mzima asingejibu. Hukujua? Dada yako alikuwa hasikii, mimi alikuwa akinisoma midomo tu. Sikio moja lilikufa mwaka juzi, la pili likafuata msimu wa baridi uliopita. Aliniapisha nisikuambie. Alisema ukijua utamchukua Kawasaki ukamfungie ghorofani."

Ndipo nikaikumbuka simu iliyoita na kuita. Nikawakumbuka vyura walioamka kwa maneno ya Kanjiro, na kengele yenye sauti nzuri kwa maneno ya Kanjiro. Ulikuwa umeniambia kila kitu ila neno lenyewe, na mimi nilikuwa nimekuficha kila kitu. Kumbe tulikuwa tunazungumza kama watu wawili waliopeana migongo.

Mkebe ulikuwa kiunoni, dada. Pini ilikuwa mahali pake. Kanjiro anasema dubu alikuwa anakula machipukizi upande wa pili wa jiwe, na nyote wawili mlishtuka. Anasema ilikuwa haraka. Nimeamua kumwamini.

Kengele ameniletea ikiwa ndani ya mfuko. Ilikuwa imezibwa. Kitambaa cha mama kilikuwa kimesukumwa ndani vizuri, kwa kidole, na ile pembe yenye alama ya moto imechungulia nje. Sikulia mazishini, watu walisema mimi ni imara. Jana nilipoitoa ile kengele nililia mpaka Eizo akaja kunifuta uso kwa mkono wa shati, bila kujua mimi ni nani wala ninalilia nini.

Nilikuomba mambo mawili yasiyokaa pamoja. Nilikuomba kengele ilie, na nilikuomba mahali pasijulikane. Ukachagua lile uliloona nalipenda zaidi. Hukukosea, dada, nililipenda zaidi siku ile naandika, kwa kuwa nilikuwa nimechoka na sina mahali pengine pa kupumzikia. Ningeweza kukubali Sadako na kijiji kizima wachume pale mpaka mizizi, kama ningekupata wewe ukinipokea stesheni na ulimi wako mkali.

Asubuhi ya leo nimepanda. Kanjiro alitangulia na panga, mimi nyuma na kengele kiunoni. Kitambaa nilikiacha hapa mezani. Tulipofika kwenye mti wa radi mkono wangu ulikwenda wenyewe kiunoni kuishika kengele isilie, baada ya miaka arobaini na zaidi. Nikauondoa. Ililia njia nzima, kushoto, kijito, mpaka kwenye jiwe.

Pamewekwa kibao cha dubu na utepe wa njano. Wamepita watu hamsini, kila mtu sasa anapajua. Sadako alikuja kwenye mazishi, akaniinamia mpaka paji la uso likagusa mkeka, akasema hatakanyaga kule maisha yake yote. Hakuna anayekwenda. Machipukizi hayakuchumwa hata moja mwaka huu, yale ya chini wala yale uliyoniachia ya juu. Yamekuwa mianzi migumu, yamenipita kimo. Nilikaa kwenye jiwe nikala nusu ya wali niliofungasha, nusu nikakuwekea. Nilijaribu kupiga soga kama nilivyoahidi. Nilisema, "Dada, nimefika."

Kesho kutwa ng'ombe wako wa biringanya atakurudisha. Usiharakishe. Sisi hatuondoki, nimeamua tutakaa hapa, nyumba yako ina milango mizito na Kanjiro anapenda kusimuliwa jambo lile lile kila siku. Godoro la wageni, ambalo siku za mazishi sikuliona, nimelikuta tuliporudi juzi limeanikwa kwenye waya wa nyuma, mvua ya miezi miwili imeliozesha. Ulikuwa umelitoa tena bila kungoja niseme.

Eizo ameingia sasa hivi. Leo ni siku nzuri, jina lako analikumbuka. Ameuliza kwa mara ya kumi, "Tsuya yuko wapi?"

Nimemjibu, "Amekwenda mianzini."

"Peke yake?"

"Peke yake."

Akafikiri kidogo, mdomo una mbegu ya tikitimaji. "Kuna dubu kule," akasema. "Mwambie apige kelele."

"Nimemwambia," nikasema.

Mdogo wako,
Fusae